Somo la Redio: Umeionaje Sinema Ile?

(Somo lililosomwa redioni kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Miyuji, Dodoma. Msomaji wa darasa alisome polepole, akipumzika kila penye kichwa kipya, ili wenzake wapate nafasi ya kuuliza.)

Wenye madaftari wayafungue. Asiye na kalamu asikilize tu, maana somo la leo ni la kusema kwanza, kisha la kuandika.

Leo tutajifunza namna ya kumweleza mwenzako maoni yako juu ya sinema au mchezo wa televisheni uliouona karibuni, na namna ya kumshauri autazame au auache.

Labda mmoja wenu atacheka na kusema, "Hilo nalo ni somo? Mbona twasema hayo kila siku?" Ni kweli twasema. Asubuhi bombani, au pale watu wangojapo gari katika barabara ya Arusha, utasikia mtu akimwuliza mwenzake, "Jana uliiona ile?" Naye hujibu, "Niliiona. Nzuri sana!" Basi, mazungumzo yamekwisha. Yule aliyeuliza hakupata kitu. Hajui sinema ile ni ya mambo gani, uzuri wake uko wapi, wala kama yamfaa yeye na watoto wake.

Tuchukue mfano wa shamba. Sisi watu wa Dodoma twajua kwamba mvua yetu ni chache, tena ni ya msimu mmoja tu. Jirani akikuambia, "Panda uwele huu, ni mzuri," hukubali papo hapo. Utamwuliza: Wakomaa upesi au wachelewa? Uliupanda katika udongo gani? Je, ndege waliushambulia? Ugali wake ukoje? Ukishapata majibu, ndipo uamuapo kupanda au kuacha. Kwa hiyo neno "mzuri" peke yake si shauri. Shauri ni neno lenye sababu.

Na maoni juu ya sinema ni vivyo hivyo.

HABARI NA MAONI

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: habari na maoni.

Habari ni yale yaliyomo katika sinema, ambayo watu wawili walioitazama hawawezi kubishana juu yake. Ukisema, "Mle ndani mna mwanamke aliyeachwa na mumewe, akaanza kuuza mboga," hiyo ni habari.

Maoni ni yale unayoyaona wewe juu ya habari hizo. Ukisema, "Mwanamke yule alifanya vema kutomrudia mumewe," hayo ni maoni. Mwenzako aweza kuona vingine, wala hatakuwa mwongo.

Anayetoa habari tupu amesimulia tu. Anayetoa maoni matupu bila habari amemwacha mwenzake gizani. Mtu mwenye kusema vizuri hutoa habari kidogo, halafu hutoa maoni yake, halafu hutoa sababu. Andikeni maneno hayo matatu katika madaftari yenu: HABARI, MAONI, SABABU.

WALIODHANI KWAMBA HATUWEZI KUTOA MAONI

Sasa sikilizeni historia kidogo, maana jambo hili la kutoa maoni juu ya picha lina historia katika nchi yetu.

Kati ya mwaka 1935 na mwaka 1937, palikuwa na kazi ya kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika, na makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Kazi hiyo iliongozwa na Waingereza wawili, Notcutt na Latham. Picha zao nyingi zilikuwa za mafundisho: kilimo bora, magonjwa, kuweka fedha akiba, na kadhalika. Zilibebwa kwa motokaa na kuonyeshwa hadharani usiku, katika Tanganyika na nchi za jirani.

Baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilianzisha idara yake ya kutengeneza sinema kwa makoloni. Wakubwa wengi wa wakati ule waliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha inayokwenda upesi. Walisema lazima apewe picha nyepesi, ya polepole, yenye jambo moja tu. Yaani walidhani kwamba kazi yetu ni kutazama na kutii, na kwamba kupima kilichoonyeshwa si kazi yetu.

Je, walikuwa na haki? Tazameni yaliyotokea.

Mwaka 1951 huko Uhindi ilitoka sinema iitwayo Awara, ya mwigizaji mashuhuri Raj Kapoor. Ilikuwa ndefu, yenye nyimbo nyingi, tena kwa lugha ya Kihindi. Hata hivyo ilipoletwa kwetu, watu wa Unguja na wa bara waliipenda mno. Wengi hawakujua Kihindi, lakini waliifuata hadithi tangu mwanzo hata mwisho. Tena walipotoka katika jumba la sinema hawakunyamaza. Walibishana barazani na majumbani.

Walibishana juu ya nini? Katika Awara yumo hakimu mmoja anayeamini kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Jambazi mmoja mwenye kisasi naye akaazimu kumlea mtoto wa hakimu huyo katika wizi, ili kumwonyesha hakimu kwamba amekosea. Basi swali ni hili: Mtu hupata tabia yake katika damu ya wazazi wake, au katika malezi? Hilo si swali la Uhindi peke yake. Ni swali la kila mzazi, na la kila kijana aliyewahi kuambiwa, "Nyinyi ukoo wenu ni watu wa namna ile." Watu walioliona swali hilo ndani ya picha ya kigeni, wakalitumia kuyapima maisha yao wenyewe, walikuwa watazamaji wenye akili kamili.

Kuna mfano mwingine uliotoka nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Tanganyika ilitengeneza sinema za Kiswahili za kuburudisha. Mojawapo iliitwa Muhogo Mchungu, nayo yahusu mtu wa shamba anayefika mjini. Aliyeigiza kama mhusika mkuu alikuwa kijana mmoja aliyefanya kazi pamoja na motokaa ya sinema ya Serikali. Kijana huyo aliitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba sinema na mambo ya maana havikai pamoja.

Na katika miaka iliyofuata, sinema za kanda zilipoenea, vibanda vya video vilifunguliwa mijini na vijijini. Humo walitokea mafundi wa kufasiri, ambao husema Kiswahili juu ya sauti ya sinema ya kigeni. Mmoja aliyejulikana sana alikuwa Lufufu. Mafundi hao hawakufasiri maneno tu. Waliongeza mzaha, wakamsifu huyu, wakamkemea yule. Yaani walitoa maoni humo humo ndani ya picha, nao watazamaji wakapenda.

DODOMA NA MCHEZO WA REDIO

Mtaniuliza, "Mwalimu, tukizungumza au tusipozungumza, kuna tofauti gani? Picha si imekwisha?" Swali zuri. Jibu lake lapatikana hapa hapa Dodoma.

Mwezi wa Julai mwaka 1993, Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza mchezo wa mfululizo ulioitwa Twende na Wakati. Ulitangazwa mara mbili kila juma. Mlikuwa na mtu aitwaye Mkwaju, dereva wa lori, mwenye wanawake wengi njiani na asiyejali nyumba yake. Mkewe aliitwa Tunu. Mwanzoni Tunu alikuwa mtu wa kuvumilia tu, lakini kadiri mchezo ulivyoendelea alijifunza kujitegemea. Mkwaju mwishowe alipatwa na ukimwi. Mchezo huo ulikusudiwa kuwafanya watu wafikiri juu ya uzazi wa mpango na juu ya kujikinga na ukimwi.

Watu wa nchi nzima waliusikia, isipokuwa sisi. Kituo cha kurushia matangazo cha Dodoma, kwa makusudi, hakikutangaza mchezo ule kwa miaka miwili. Kilitangaza vipindi vingine saa zile. Kwa nini? Kwa sababu watafiti, wakiongozwa na Everett Rogers wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, walitaka kupima nguvu ya mchezo. Mkulima akitaka kujua kama mbolea yafanya kazi, huweka mbolea upande mmoja wa shamba na kuuacha upande wa pili bila mbolea. Dodoma ndiyo ilikuwa upande usio na mbolea. Baadaye, mwezi wa Septemba mwaka 1995, mchezo ulianza kusikika Dodoma pia.

Watafiti waliona nini? Mahali mchezo uliposikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko mahali usiposikika. Na ulipokuja kusikika Dodoma, mabadiliko yakaonekana Dodoma pia. Lakini kuna jambo jingine, nalo ndilo la somo letu. Mchezo haukufanya kazi peke yake. Ulifanya kazi kwa sababu watu walizungumza juu yake. Mume na mke waliokuwa hawajapata njia ya kuzungumza juu ya idadi ya watoto waliweza kuzungumza juu ya Mkwaju na Tunu. Kuanza na habari za mtu wa mchezoni ni rahisi kuliko kuanza na habari zako mwenyewe. Mke asiyeweza kusema, "Mume wangu, wewe wakosea," aweza kusema, "Mkwaju yule ananiudhi, kwa sababu watoto wake wanalala njaa naye ana fedha." Na mume ataelewa.

Hata kabla ya hapo Tanzania ilikuwa imekwisha kujua jambo hili. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya redio iitwayo Mtu ni Afya. Karibu watu milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha maji. Kusikiliza kulikuwa sehemu ya kwanza tu. Sehemu ya pili ilikuwa kuzungumza.

Basi shikeni jambo hili moja, hata mkisahau mengine yote ya leo: hadithi unayoitazama ni nusu, na mazungumzo baada yake ndiyo nusu ya pili.

MASWALI MATANO

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ukitaka kumweleza mwenzako juu ya sinema au mchezo wa mfululizo, jiulize maswali matano.

Swali la kwanza: Ni ya mambo gani? Jibu kwa maneno machache, kama matatu au manne hivi. Taja jina lake, taja ni ya wapi, taja jambo kuu. Usisimulie yote. Na mwisho usiutoe kabisa. Mtu aliyekwisha kuambiwa mwisho ni kama mtu aliyekaribishwa chakula wenzake wakiwa wamekwisha kula.

Swali la pili: Umeionaje, na kwa sababu gani? Hapa taja kitu kimoja au viwili ulivyoviona kwa macho au ulivyovisikia kwa masikio. Usiseme, "Waigizaji ni wazuri." Sema, "Yule aliyekuwa mama alinyamaza aliposikia habari ya msiba, na kimya chake kilinifanya nilie."

Swali la tatu: Kasoro yake ni nini? Hakuna kazi ya mwanadamu isiyo na kasoro. Anayesifu tu, watu huacha kumwamini. Sauti ilikuwa hafifu? Hadithi ilivutwa mno? Watu maskini walivaa nguo mpya kila siku? Sema.

Swali la nne: Yamfaa nani? Sinema imfaayo kijana wa miaka ishirini huenda isimfae mtoto wa miaka saba. Katika Tanzania iko Bodi ya Filamu, iliyowekwa kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976. Bodi hiyo huzipanga sinema kwa madaraja kufuata umri wa watazamaji. Nyinyi mnaojifunza kusoma sasa mnayo faida: someni daraja lililoandikwa kabla hamjawaweka watoto mbele ya picha.

Swali la tano: Nani aliitengeneza, na alitaka nini? Hadithi haikuanguka kutoka mbinguni. Mwingine huitengeneza apate fedha, mwingine apate kufundisha, mwingine apate kushawishi. Kwa mfano, mchezo wa televisheni wa Siri ya Mtungi, uliopigwa Bagamoyo na kuonyeshwa kuanzia mwaka 2012, uligharamiwa na Serikali ya Marekani ili kueneza mafundisho ya afya. Si vibaya kujua hivyo. Waweza kuupenda mchezo, na papo hapo ukajua unataka kukuelekeza wapi.

Kuna tofauti ndogo kati ya sinema na mchezo wa mfululizo. Sinema huisha kwa saa moja na nusu au mbili, na waweza kuipima yote. Mchezo wa mfululizo huenda kwa majuma, na pengine kwa miaka. Kwa hiyo umwambie mwenzako umefika wapi katika kuutazama. Sema, "Nimetazama sehemu sita za kwanza." Usiuhukumu kwa sehemu moja, kama vile usivyouhukumu msimu wa mvua kwa siku moja ya wingu.

MAZUNGUMZO YA MFANO

Sasa tusikilize watu wawili, mjomba na mpwa wake wa kike. Wasomaji wawili wasimame wayasome kwa sauti.

MPWA: Shikamoo, mjomba.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Habari za huko mjini?

MPWA: Njema. Mjomba, nimeona sinema moja nikakukumbuka, kwa vile wewe wapenda habari za kupigania uhuru.

MJOMBA: Sinema gani hiyo? Isije ikawa ya bunduki tangu mwanzo hata mwisho.

MPWA: Hapana. Yaitwa Vuta N'Kuvute. Imetengenezwa na Amil Shivji, Mtanzania, ikatoka mwaka 2021. Imetokana na kitabu cha Adam Shafi. Ni ya Unguja wakati wa miaka ya 1950, Waingereza wakiwa bado wanatawala.

MJOMBA: Ehe. Na ni habari za nani?

MPWA: Yuko kijana mmoja, Denge, anayepinga utawala wa wageni, na polisi wanamwandama. Yuko na msichana mwenye asili ya Kihindi, Yasmin, aliyeozwa kwa mwanamume aliyemzidi sana umri, akakimbia. Wawili hao wanakutana.

MJOMBA: Na mwisho wake?

MPWA: Mwisho sikuambii, mjomba. Utautazama mwenyewe.

MJOMBA: Haya, nimekoma. Wewe umeionaje?

MPWA: Nimeipenda kwa sababu mbili. Kwanza, inaonyesha kwamba wote wawili wanatafuta uhuru. Kijana anataka uhuru wa nchi, na msichana anataka uhuru wa nafsi yake. Nilijiuliza, je, nchi yaweza kuwa huru ikiwa binti zake bado wanaozwa bila kuulizwa? Pili, Kiswahili chake ni kitamu. Unasikia watu wa Unguja wakisema kama watu wa Unguja.

MJOMBA: Haina kasoro?

MPWA: Inayo. Kitabu ni kipana zaidi, na sinema ni ya saa moja na nusu hivi. Mambo mengine yamepita upesi. Asiyejua historia ya Unguja huenda akapotea kidogo. Tena inakwenda kwa utulivu, kwa hiyo anayetaka mapigano ya kila dakika atasinzia.

MJOMBA: Nije nayo nyumbani, tuitazame na wajukuu?

MPWA: Wakubwa, ndiyo. Wadogo, naona wasubiri, kwa sababu ina mambo ya mapenzi.

MJOMBA: Umenieleza vema. Lakini mimi naona mtoto anayemkimbia mume bila kuwaona wazee kwanza amefanya haraka.

MPWA: Nimekusikia, mjomba. Tuitazame kwanza, halafu uniambie kama bado waona hivyo.

Haya, tuishie hapo. Je, mpwa aliyajibu maswali matano? La kwanza alilijibu, na mwisho wa hadithi akauficha. La pili alilijibu kwa sababu mbili. La tatu alilijibu bila kuona haya. La nne alilijibu kwa kuwatenganisha wakubwa na wadogo. La tano alilijibu nusu tu: alimtaja mtengenezaji, lakini hakusema mtengenezaji alitaka nini. Darasa limsaidie.

KUTOFAUTIANA KWA HESHIMA

Mmesikia kwamba mjomba na mpwa hawakukubaliana. Hata hivyo hapana aliyekasirika. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja alisema "naona", wala hakusema "wewe hujui".

Ukitaka kumpinga mwenzako, kwanza lirudie neno lake ili ajue umelisikia. Kisha toa lako na sababu yake. Sema, "Nimekusikia. Wewe waona Tunu alikawia mno kujitegemea. Mimi naona hakuwa na njia, kwa sababu hakuwa na fedha zake." Hapo mwenzako atapata la kujibu. Lakini ukisema, "Wewe unaongea upuuzi," umeufunga mlango.

Vijana, mkiwapinga wazee, anzeni kwa adabu, lakini msiyameze maoni yenu. Wazee, mkisikia maoni ya kijana, msimnyamazishe kwa umri wake. Akina mama, nanyi msikae nyuma mkitabasamu tu. Wengi wenu ndio mnaotazama michezo hiyo kila jioni pamoja na watoto. Mna mengi ya kusema.

Nawaambieni hivi kwa sababu jambo lenyewe ni kubwa kuliko sinema. Mtu anayezoea kusema, "Mimi naona hivi, kwa sababu hii," akizungumza juu ya mchezo wa televisheni, atasema vivyo hivyo katika mkutano wa mtaa fedha za bomba zikijadiliwa. Atasema vivyo hivyo mbele ya mganga wa hospitali na mbele ya mwalimu wa mtoto wake. Lakini aliyezoea kusema "nzuri" na "mbaya" tu, siku ya jambo kubwa atatafuta maneno asiyapate. Sinema ni shamba la mazoezi. Ukikosea hapo, hapana mtu atakayelala njaa.

TAHADHARI MBILI

Ya kwanza: mchezo si ushahidi. Ukiona katika mchezo mtu amepona ugonjwa kwa dawa fulani, usikimbilie dukani. Nenda ukaulize kituo cha afya. Mtunzi wa hadithi aweza kumponya mtu kwa kalamu yake.

Ya pili: wakati na fedha. Kabla hujamshauri mwenzako atazame mchezo wa sehemu mia moja, kumbuka kwamba wamwomba muda wake mwingi, na pengine fedha zake za king'amuzi au za simu. Shauri lako liwe la haki. Likiwa si la haki, safari ya pili hatakusikiliza.

KAZI YA DARASA

Sasa fanyeni kazi hizi.

1. Kaeni wawili wawili. Kila mmoja amweleze mwenzake sinema moja au mchezo mmoja aliouona, kwa kufuata maswali matano. Asiyekuwa na televisheni aeleze mchezo wa redio, au ngoma aliyoiona kijijini. Maswali ni yale yale.

2. Andika sentensi tatu katika daftari. Ya kwanza iwe ya habari, ya pili iwe ya maoni, ya tatu iwe ya sababu. Kwa mfano: "Mkwaju alikuwa dereva wa lori. Mimi naona alikuwa mtu mbaya. Naona hivyo kwa sababu hakuitunza nyumba yake."

3. Darasa zima lijadili: Je, mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi? Kila asemaye atoe sababu na mfano mmoja. Mwalimu asitoe jibu.

4. Ukifika nyumbani, mwulize mmoja wa jamaa zako, "Umeionaje?" Akijibu "Nzuri," mwulize tena, "Kwa sababu gani?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.

Maneno ya kukumbuka: maoni, habari, sababu, kasoro, shauri, mfululizo, mhusika, daraja. Yaandikeni mara tatu kila moja, kwa herufi za kuungana.

Ndugu wanafunzi, somo letu limefika mwisho. Katika somo lijalo tutajifunza kuyaandika maoni haya kama barua, ili mweze kuituma redioni au gazetini. Zimeni redio sasa, lakini msiondoke upesi. Zungumzeni.

Kwaherini.